Mjadala: Vigeu vya Mazingira na Ujenzi wa Programu-jalizi ya Afya Kanda ya Ziwa

Kigeu cha mazingira ni jina lenye thamani ambayo mfumo endeshi wa kompyuta huikabidhi programu pale inapoanza kufanya kazi. Thamani hiyo haimo ndani ya msimbo wa programu. Imewekwa nje, na programu huisoma na kufuata inavyoelekeza. TZ=Africa/Dar_es_Salaam huieleza programu ifuate saa za wapi. PATH huieleza itafute amri katika folda zipi. Utaratibu huu uliingia katika Unix Toleo la 7 mwaka 1979, na leo unatumika katika Linux, macOS na Windows.

Kanuni zake ni chache. Programu inayoanzishwa na nyingine hurithi nakala ya vigeu vya ile iliyoianzisha, na ikibadilisha nakala yake, ile ya kwanza haiguswi. Kigeu kilichowekwa katika dirisha moja la amri hakionekani katika dirisha jingine lililofunguliwa kando, na dirisha likifungwa nacho kinapotea. Kila thamani ni maandishi matupu, hata inapofanana na namba au na jibu la ndiyo na hapana. Makosa mengi yatakayotajwa katika mjadala huu yanatokana na kusahau moja ya kanuni hizi.

Programu-jalizi ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya kubwa ili kuiongezea kazi. Kando ya Ziwa Victoria, programu kubwa inayofaa kuchukuliwa kama mfano ni DHIS2, mfumo wa takwimu za afya. Chimbuko lake ni mradi wa HISP ulioanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na uendelezaji wake unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kwa Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa nguzo ya kazi hiyo. Zahanati na vituo vya afya hujaza vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma za afya, kisha jumla za mwezi huingizwa katika DHIS2, ambako mkoa na wizara huzisoma. Kenya iliusambaza mfumo huohuo nchi nzima kwa njia ya mtandao mwaka 2011, na Uganda ikafuata. Hivyo nchi zote tatu zinazopakana na ziwa zinatumia programu mama moja.

Mjadala huu umejengwa juu ya mfano mmoja: programu-jalizi ya dashibodi ya DHIS2 inayoonyesha, kituo kwa kituo, idadi ya wagonjwa wa kichocho waliotibiwa katika halmashauri za mwambao wa Mwanza, zikiwamo Ilemela, Magu, Sengerema, Buchosa na Ukerewe. Kichocho huenezwa kupitia konokono wa maji baridi, na mwambao wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yanayosumbuliwa sana na ugonjwa huo. Mada ni hii: je, mipangilio ya programu-jalizi kama hiyo iingizwe kwa vigeu vya mazingira wakati wa kuijenga? Sauti ni tatu. Mjenzi ndiye anayeandika msimbo. Msimamizi ndiye mwenye dhamana ya seva. Mratibu ni daktari anayesimamia wilayani shughuli za magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele, naye ndiye atakayeitumia dashibodi.

Hoja ya kwanza: mipangilio ikae nje ya msimbo

Mjenzi: Programu-jalizi hii itapita katika seva tatu kabla ya kumfikia mtumiaji: ya kwenye kompyuta ya mjenzi, ya majaribio, na ya taifa. Kila moja ina anwani yake. Anwani ikiandikwa ndani ya msimbo, kila kuhama seva ni kufungua mafaili na kubadilisha mstari kwa mkono, na siku moja mstari utasahaulika. Kigeu cha mazingira kinaondoa adha hiyo. Msimbo unabaki mmoja na thamani zinabadilika. Ndiyo kanuni iliyoenezwa na waraka wa programu zenye sifa kumi na mbili, uliotolewa mwaka 2011 na wahandisi wa kampuni ya Heroku: mipangilio ikae katika mazingira, si katika msimbo.

Msimamizi: Hapo hatubishani, mdogo wangu. Hakuna anayetaka anwani ya seva ya majaribio izikwe kwenye msimbo. Lakini waraka ule ulikuwa unazungumzia programu zinazoishi kwenye seva, zinazosoma mazingira kila zinapowashwa. Programu-jalizi ya dashibodi inaishi ndani ya kivinjari cha mtumiaji. Kabla ya kukubaliana, tuulize: thamani inasomwa lini, na wapi?

Swali hilo ndilo kiini cha mjadala mzima. Kivinjari hakiikabidhi programu-jalizi vigeu vya mazingira. Ukurasa uliofunguliwa Nansio, Ukerewe, hauwezi kusoma mazingira ya kompyuta iliyoufungua, wala ya seva ulikotoka. Vigeu vinasomwa mapema zaidi, kwenye kompyuta ya mjenzi, wakati msimbo unapokusanywa na kubanwa kuwa faili moja la zip. Chukua mstari huu katika faili la .env, ambamo mjenzi huorodhesha vigeu vyake:

DHIS2_MIEZI_YA_AWALI=12

Ndani ya msimbo mjenzi ameandika process.env.DHIS2_MIEZI_YA_AWALI. Amri ya kujenga inapopita, inayafuta maandishi hayo na kuweka "12" mahali pake. Katika faili linalotoka, jina la kigeu halipo tena. Kuna 12 tu. Kilichokuwa kinabadilika wakati wa kuandika kimekuwa sehemu ya msimbo wakati wa kujenga. Zana za DHIS2 huingiza kwa njia hii vigeu ambavyo majina yake yanaanza na DHIS2_, na vingine huachwa nje. Zana nyingine zina viambishi vyake: Vite hudai VITE_, na Create React App ilidai REACT_APP_.

Hoja ya pili: tofauti za mahali

Mratibu: Tuseme dashibodi imefungwa kwenye miezi 12, na mimi nataka miezi 24, ili nilinganishe kabla na baada ya ugawaji wa dawa shuleni. Nifanye nini?

Mjenzi: Utanipigia simu, Daktari. Nitabadilisha kigeu, nitajenga upya, nitampa dada Msimamizi zip mpya aipandishe.

Mratibu: Na mwenzangu wa Magu akitaka miezi 6?

Hapa upungufu wa kigeu cha wakati wa kujenga unaonekana wazi. Kujenga upya kunahitaji kompyuta yenye Node, programu inayoendesha zana za kujenga, na vifurushi vingi vya msimbo wa watu wengine, pamoja na mtu anayejua kazi hiyo. Mratibu wa wilaya ana kivinjari tu. Kila tofauti ya matumizi inayowekwa katika kigeu cha kujenga inageuka kuwa toleo jingine la programu-jalizi, na kila toleo linadai kupandishwa, kujaribiwa na kutunzwa.

Msimamizi: Kuna tatizo zito kuliko miezi. Ili programu-jalizi ijue Ukerewe ni ipi, inahitaji kitambulisho chake ndani ya DHIS2, zile herufi na namba 11 zinazoanza na herufi. Ukivipanga vitambulisho vya halmashauri za Mwanza katika .env, umejenga kitu cha Mwanza peke yake. Kagera, Geita, Simiyu na Mara nako kuna mwambao. Kisumu na Homa Bay kuna kichocho, na Uganda vilevile. Ziwa ni moja, lakini vitambulisho vya Kenya na Uganda ni vingine kabisa.

Mjenzi: Basi tutajenga zip tatu, kila nchi na yake.

Msimamizi: Na ukigundua kosa la hesabu, utalirekebisha mara tatu na kujaribu mara tatu. Zip iliyojaribiwa ndiyo inayopaswa kupandishwa. Ukiijenga upya kwa ajili ya seva nyingine, hiyo ni zip nyingine, na majaribio ya ile ya kwanza hayaithibitishi.

Hoja ya Msimamizi ina njia ya kutekelezwa ndani ya DHIS2 yenyewe. Anwani ya seva ya kazi haihitaji kigeu: faili la maelezo linaloandamana na programu, manifest.webapp, huwa na alama ya nyota mahali pa anwani, na seva hujaza anwani yake pale programu inaposakinishwa. Vitambulisho vya halmashauri vinaweza kuulizwa kwenye seva kila dashibodi inapofunguliwa, kwa kuwa seva inajua mtumiaji amepewa eneo gani. Mapendeleo kama idadi ya miezi huwekwa katika dataStore, hifadhi ya DHIS2 ambamo programu huweka jina na thamani, na ambamo haki za kusoma na kuandika hupangwa. Thamani ikibadilishwa humo, dashibodi hufuata mara inapofunguliwa tena, na hakuna kilichojengwa upya.

Mjenzi: Njia hiyo nayo ina gharama. Kila swali kwa seva ni safari moja zaidi mtandaoni, na intaneti ya visiwani si ya kutegemea saa zote. Tena thamani iliyojengwa ndani ina ushahidi: nikiambiwa toleo la 1.4 lilionyesha takwimu fulani, najua lilijengwa kwa thamani zipi. Thamani ya dataStore inaweza kubadilishwa leo asubuhi, na jioni mkutano ukabishania namba zisizolingana.

Mratibu: Hilo nalikubali. Nimeona ripoti mbili za mwezi mmoja zikipishana kwa sababu ya kichujio tu.

Pingamizi la Mjenzi lina uzito, na suluhisho lake ni kuzitumia njia zote mbili kwa mpangilio. Programu-jalizi ijengwe ikiwa na thamani ya msingi ndani yake, kwa mfano miezi 12. Ikifunguliwa, iitafute thamani katika dataStore; ikiikosa au mtandao ukikatika, ifuate ya msingi. Na kipindi kinachoonyeshwa kiandikwe juu ya chati, ili anayeichapa kwa ajili ya kikao achape na kipindi chake. Hivyo ushahidi hautegemei kumbukumbu ya mtu.

Hoja ya tatu: siri

Mjenzi: Programu-jalizi itakuwa na manufaa zaidi ikionyesha mvua pamoja na wagonjwa, kwa sababu mazalia ya konokono hufuata maji. Takwimu za mvua zinatoka kwa huduma ya nje inayodai ufunguo. Ufunguo hauwezi kukaa katika msimbo, kwani msimbo uko katika Git na unasomwa na wengi. Nitauweka katika .env, na faili hilo nitalitaja katika .gitignore lisiingie kwenye hazina ya msimbo.

Msimamizi: Umeuficha kwa wasomaji wa Git na kuutangazia kila mwenye kivinjari. Kumbuka zile 12.

Kosa linalotajwa hapa ni la kawaida kuliko yote. Faili la .env halitoki kwenye kompyuta ya mjenzi, lakini thamani zake zinatoka, kwa sababu zimeandikwa ndani ya msimbo uliojengwa. Mtu akifungua dashibodi, kivinjari kinapakua msimbo huo wote, na kuutafuta ufunguo humo ni kazi ya dakika chache. Kubanwa kwa msimbo si ulinzi. Majina ya ndani yanafupishwa, lakini maandishi kama ufunguo yanabaki herufi kwa herufi.

Kiambishi cha DHIS2_ kiliwekwa kama uzio, ili nywila zilizomo katika mazingira ya kompyuta zisiingie katika programu kwa bahati mbaya. Mjenzi anapoona kigeu chake UFUNGUO_WA_MVUA hakisomeki, hugundua kwamba jina linapaswa kuwa DHIS2_UFUNGUO_WA_MVUA, hulibadilisha, na kazi huendelea. Kwa kufanya hivyo ameondoa mwenyewe kizuizi kilichokuwa kinamlinda. Kiambishi hicho kisomwe kama tamko: thamani hii imeruhusiwa kuonekana na kila mtu.

Mjenzi: Basi ufunguo ukae wapi?

Msimamizi: Kwenye seva, na usiondoke huko. Tangu toleo la 2.40, DHIS2 ina huduma ya njia za kupitishia maombi. Msimamizi anaandikisha anwani ya huduma ya nje pamoja na ufunguo wake. Programu-jalizi inaiomba seva, seva inaongeza ufunguo, inakwenda nje na kurudi na jibu. Kivinjari kinaona mvua tu.

Siri nyingine huhitajika wakati wa kujenga wenyewe, kwa mfano tokeni ya kupandisha zip kwenye seva ya majaribio kutoka katika huduma ya ujenzi ya mtandaoni. Hapa kigeu cha mazingira ni chombo halali, kwa sababu tokeni hutumiwa na amri ya kujenga bila kuingizwa katika zip. Hata hivyo hatari haijaisha. Kila programu inayoanzishwa wakati wa ujenzi hurithi nakala ya vigeu, ikiwa ni pamoja na msimbo wa watu wasiojulikana. Kati ya Januari na Aprili 2021, hati ya kupakia ripoti ya kampuni ya Codecov ilichezewa na wavamizi, na ikawa inatuma kwao vigeu vya mazingira vya miradi iliyoitumia. Waliokuwa wameweka funguo katika vigeu hivyo walilazimika kuzibadilisha. Kinga yake inajulikana: tokeni iwe na uwezo wa kazi moja tu, iishe muda mapema, na itolewe kwa hatua inayoihitaji badala ya ujenzi mzima.

Mratibu: Kwangu swali ni la wagonjwa. Tokeni hiyo ikivuja, takwimu zao ziko salama?

Msimamizi: Inategemea tokeni imeruhusiwa kufika wapi, Daktari. Ndiyo maana nambana mdogo wangu.

Swali la Mratibu lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Jumla za mwezi za MTUHA hazimtaji mgonjwa, lakini DHIS2 inaweza pia kubeba kumbukumbu za mtu mmoja mmoja, na tokeni yenye madaraka makubwa inaweza kufungua zote mbili. Mjenzi wa chati ya kichocho anahitaji jumla tu. Apewe ruhusa ya jumla tu.

Hoja ya nne: makosa yasiyopiga kelele

Mjenzi: Nikikubali yote hayo, bado nitabaki na vigeu vichache vya kujenga. Hivyo navyo vina hatari gani?

Msimamizi: Vinakosea kimyakimya. Zip itajengwa, itapanda, na kosa litaonekana kwa mtumiaji.

Makosa matatu yanastahili kuangaliwa kwa karibu. La kwanza ni kigeu kinachokosekana. Mjenzi amekiweka katika dirisha moja la amri na kujenga katika jingine. Ujenzi unakamilika bila lalamiko, na dashibodi inaomba data kwenye anwani inayoanza na neno undefined. La pili ni maandishi yanayodhaniwa kuwa jibu la ndiyo au hapana. DHIS2_ONYESHA_RAMANI=false inaonekana kuzima ramani, lakini kwa JavaScript neno "false" lenye alama za nukuu ni maandishi yasiyo matupu, na maandishi yasiyo matupu huhesabiwa kuwa kweli. Ramani inabaki imewashwa. Dawa yake ni kulinganisha thamani waziwazi na neno "true".

La tatu ndilo gumu kulitambua. Thamani iliyowekwa katika dirisha la amri hushinda iliyoandikwa katika .env. Mjenzi akiwa ameweka anwani ya seva ya majaribio kwa amri ya export asubuhi, kisha mchana akarekebisha .env na kujenga zip ya taifa katika dirisha lilelile, zip itabeba anwani ya asubuhi. Akilisoma faili lake la .env ataliona liko sahihi kabisa.

Kinga ya makosa haya yote ni kuufanya ujenzi ukatae. Hati fupi iendeshwe kabla ya kujenga, ikague kila kigeu kinachotakiwa, isimamishe kazi pale kinapokosekana au kinapokuwa na thamani isiyotarajiwa, na ichapishe thamani zitakazotumika. Kwa kuwa siri zimekwisha kuondolewa katika kundi hili, kuzichapisha thamani hizo hakuna madhara. Katika hazina ya msimbo liwekwe pia faili la .env.example lenye majina yote na maelezo mafupi, ili mjenzi mgeni asilazimike kubahatisha. Na zip ya taifa ijengwe na huduma ya ujenzi inayoanza na mazingira safi, badala ya kompyuta ya mtu yenye mabaki ya kazi za jana.

Uamuzi

Sauti tatu zinakutana katika mgawanyo mmoja. Kinachoeleza ujenzi wenyewe, kama jina la programu, namba ya toleo, thamani za msingi na anwani ya seva inayotumika wakati wa kuandika msimbo, ni haki ya kigeu cha mazingira cha wakati wa kujenga. Kinachotofautiana kati ya Ukerewe na Magu, au kati ya Mwanza na Kisumu, kisomwe wakati wa matumizi kutoka kwenye seva. Kilicho siri kikae kwenye seva, na programu-jalizi iombe kazi ifanywe bila kukabidhiwa siri yenyewe.

Jibu la mada, kwa hiyo, ni ndiyo kwa kundi la kwanza na hapana kwa mawili yanayobaki. Anayejenga programu-jalizi kwa ajili ya vituo vya kando ya ziwa afanye jambo moja kabla ya kumkabidhi msimamizi zip yake: aifungue, atafute ndani yake kila thamani iliyomo katika .env, na ahakikishe kwamba kila anayoikuta angekuwa tayari kuibandika kwenye ubao wa matangazo wa zahanati. Asiyoweza kuibandika hapo, aiondoe kabla zip haijapanda.